Lafudhi ya Haile Gerima na manukuu yaliyotushinda

Muhula uliopita niliwapa wanafunzi wangu wa somo la tafsiri kazi niliyodhani ni nyepesi. Niliwaonyesha Sankofa, filamu ya Haile Gerima iliyotoka mwaka 1993, kisha nikawataka waandike manukuu ya Kiswahili, yaani yale maandishi yanayopita chini ya picha, kwa dakika 10 tu za filamu hiyo. Nilitarajia kusahihisha upatanisho wa kisarufi, kukemea tahajia mbovu, kugawa alama na kuendelea na mada nyingine. Wapi! Tulikwama kwenye neno la kwanza zito, tukakaa hapo wiki tatu.

Kabla sijaeleza tulivyokwama, wacha nimjulishe msomaji huyu Gerima ni nani. Vijana wetu wanawajua waigizaji wa Hollywood na Nollywood kwa majina yao yote matatu, ila ukimtaja jirani huyu wa Ethiopia wanakutumbulia macho. Alizaliwa Gondar mwaka 1946, mwana wa mwandishi wa tamthilia. Mwaka 1967 alikwenda Marekani kusomea uigizaji mjini Chicago, kisha akahamia Los Angeles na kusomea filamu katika chuo kikuu cha UCLA. Huko alikuwa pamoja na Charles Burnett, Julie Dash, Billy Woodberry na wenzao, kizazi cha wanafunzi Weusi ambacho wahakiki walikuja kukiita uasi wa Los Angeles. Kuanzia mwaka 1975 alifundisha filamu katika Chuo Kikuu cha Howard, Washington, kwa miongo kadhaa. Waliopita mikononi mwake ni pamoja na Arthur Jafa, aliyepiga picha za filamu ya Julie Dash, Daughters of the Dust (1991), na Bradford Young, aliyepiga picha za Selma na Arrival. Ualimu kwake haukuwa kazi ya kulipia kodi ya nyumba wakati akisubiri fedha za filamu. Alifundisha na kutengeneza filamu kwa hoja moja, na hoja hiyo ndiyo iliyonifanya nimlete katika safu hii ya lugha.

Gerima amesimulia mara nyingi kisa cha utotoni. Yeye na wenzake huko Gondar walipokuwa wakitazama filamu za Tarzan, walimshangilia Tarzan. Waafrika wa kwenye filamu wakimnyemelea kwa nyuma, watoto hawa Waafrika walipiga kelele ukumbini kumwonya mzungu yule kwamba adui anakuja! Naona humu mna somo kubwa kuliko mihadhara mingi ya nadharia niliyowahi kutoa. Waafrika walikuwamo katika filamu hizo, tena wengi. Hakuna aliyeweza kusema hawakuwakilishwa. Kilichokosekana ni usimulizi wao. Mwamba ngoma huvutia kwake, na aliyewamba ile ngoma aliivutia kwake kiasi kwamba hata mtoto wa Gondar alicheza kwa mdundo wa kumpiga yeye mwenyewe.

Ndiyo maana Gerima, akizungumza na wanafunzi au waandishi wa habari, hurudia sana dhana ya lafudhi. Humtaka msimulizi atafute lafudhi yake. Hazungumzii matamshi ya kinywa tu. Kwake, namna ya kupanga matukio, muda wa kuiacha picha moja machoni pa mtazamaji, wakati wa kunyamaza, nani anaongea na nani anaangaliwa tu, yote hayo yana lafudhi. Kwa maoni yake, Hollywood imeifanya lafudhi yake ionekane kama ndiyo lugha ya filamu yenyewe, wengine wote wakawa ni watu wasiojua kutamka.

Sisi walimu wa Kiswahili tungepaswa kuielewa hoja hii upesi kuliko wote. Nani asiyejua mwanafunzi aliyechekwa darasani kwa sababu 'r' yake ilitoka 'l'?

Tazama Bush Mama, filamu aliyoikamilisha katikati ya miaka ya 1970. Inamhusu Dorothy, mwanamke Mweusi maskini wa mtaa wa Watts, Los Angeles, aliyeigizwa na Barbara O. Jones. Mumewe, T.C., aliyewahi kupigana vita vya Vietnam, anafungwa kwa kosa ambalo hakulitenda. Dorothy ana mtoto mmoja, ana mimba, na maafisa wa ustawi wa jamii wanamshinikiza aitoe ndipo aendelee kupata msaada. Picha za mwanzo zinaonyesha polisi wakiwasimamisha na kuwapekua watu barabarani. Hao si waigizaji. Ni polisi wa kweli waliokisimamisha kikosi cha Gerima mwenyewe, kamera ikanasa. Sikiliza sauti za filamu hiyo sasa. Maswali ya ofisi ya ustawi yanarudiwa na kurudiwa juu ya picha kama mashine iliyokwama, na Dorothy karibu haongei. Mwanzoni nilidhani ni kasoro ya kiufundi, bajeti ya mwanafunzi. Nilipoitazama mara ya pili ndipo nilipong'amua kwamba lugha ya ofisi imejaa kote, imemnyima hata nafasi ya kufungua kinywa. Anapokuja kupata maneno yake, mwishoni, katika barua ya kumwandikia T.C. gerezani, tunajua yametoka wapi na yamegharimu nini.

Au chukua filamu yake ya Kiamhari ya mwaka 1976, Mirt Sost Shi Amit, yaani Mavuno ya Miaka 3000. Aliipiga mwaka 1974 katika muda mfupi mno, kwa picha za rangi nyeusi na nyeupe, utawala wa Haile Selassie ukiporomoka. Wanaoigiza ni wakulima, na wanazungumza Kiamhari chao. Mtu anatembea kutoka ukingo mmoja wa shamba hadi mwingine na kamera inamngoja afike. Wanafunzi wangu wawili walisinzia, sitawaficha. Lakini yule kabaila anayeketi kivulini akiwatukana wakulima siku nzima haeleweki ukikata picha kila sekunde tatu. Uchovu ule ndio habari yenyewe. Inapofika saa ya mwenda wazimu wa kijiji kumgeukia kabaila kwa rungu, mtazamaji aliyevumilia anajua pigo lile limesubiri muda gani.

Turudi kwenye Sankofa, nilikokwama.

Mona, mwanamitindo Mweusi kutoka Marekani, anapigwa picha za mavazi katika ngome ya Cape Coast, Ghana, ile ngome ambamo mateka walifungiwa kabla ya kupakiwa merikebuni. Mzee mpiga ngoma anamkemea na kumtaka arudi kwenye asili yake. Mona anashuka kwenye shimo la ngome pamoja na watalii, taa zinazimika, na mara anajikuta mbele ya watu waliofungwa minyororo. Anapiga kelele kwamba yeye ni Mmarekani. Hakuna anayejali. Anakuwa Shola, mtumishi wa ndani katika shamba la miwa, anayenajisiwa na bwana wake atakavyo. Shambani kuna Nunu, mama aliyeletwa kutoka Afrika akiwa msichana. Kuna mwanawe Joe, aliyezaliwa kutokana na Nunu kunajisiwa katika safari ya baharini, ambaye sasa ni msimamizi wa watumwa wenzake na muumini anayemwonea haya mamake. Kuna Shango, mtu wa visiwa vya Karibi asiyeinama. Na milimani kuna waliotoroka. Neno sankofa ni la Kiakan, na maana yake ni kurudi nyuma ukachukue ulichokiacha.

Mwanafunzi wa kwanza kuinua mkono alisema tunao msemo wa haya yote: mwacha mila ni mtumwa. Darasa likapiga makofi. Kweli, ni kama Gerima ameichukua methali yetu na kuifanya itembee kwa miguu. Mona ameacha mila, Mona anakuwa mtumwa, tena mtumwa wa kuchapwa mjeledi. Nilifurahi nami. Kisha mwingine, mvulana anayeketi nyuma na ambaye kwa kawaida haongei, akauliza, "Lakini Prof, hiyo methali ilitungwa na nani? Wenye watumwa ama watumwa?"

Sikuwa na jibu la papo hapo.

Methali inalichukua neno mtumwa kama jina la mtu asiye na heshima ambaye wewe na mimi hatungependa kufanana naye. Haimwoni aliyeuzwa. Inamtumia. Na kama mnavyojua, neno lenyewe ni kitenzi 'tuma' katika kauli ya kutendwa, mtu anayetumwa. Sarufi yenyewe imeshamnyima utendaji. Katika manukuu ya filamu ambayo kila hatua yake inatafuta utendaji wa watu hawa, neno la kwanza tunaloliandika linawakalisha chini.

Basi tukaanza kuchimba. Tuliandika ubaoni maneno yote ya Kiswahili ya uwanja huu tuliyoweza kuyapata. Mtwana, mtumwa wa kiume. Kijakazi, wa kike. Suria, anayelala na bwana wake akitaka asitake. Mzalia, aliyezaliwa hapa pwani utumwani. Kisha yakaja maneno ambayo wanafunzi hawakutarajia kuyaona katika orodha hiyo. Mjinga: katika pwani ya karne ya 19 aliitwa hivyo mtumwa aliyeletwa karibuni kutoka bara, ambaye bado hajajua lugha wala desturi za mji. Kibarua: mtumwa aliyekodishwa kwa kazi ya siku, jina likitokana na kijibarua, kile kikaratasi cha kuonyesha kazi yake, na ujira wake ukagawanywa na bwana. Mtoro: mtumwa aliyekimbia. Na upande wa pili, muungwana, ambaye kabla ya kuwa mtu mstaarabu mwenye adabu alikuwa tu mtu asiye mtumwa.

Tafakari hilo kidogo. Leo mwalimu mkuu anasimama gwarideni, anamwita mtoto aliyekosa shule mtoro, anamwita aliyefeli hesabu mjinga, anawaonya kwamba wasiposoma wataishia kufanya kibarua, na anawataka wawe waungwana. Hotuba ya dakika tatu, na msamiati wote umetoka shambani kwa bwana. Sisemi tuache kuyatumia maneno hayo. Lugha zote hubeba mizigo, na Kiingereza kina yake mizito zaidi. Nasema tu kwamba hatukuwahi kuambiwa, hata sisi tuliosomea lugha hii hadi uzamifu.

Na wale watoro walikuwa watu. Waliojificha kwenye milima ya Sankofa wana ndugu zao katika historia yetu wenyewe. Malindi ya nusu ya pili ya karne ya 19 ilikuwa mji wa mashamba makubwa ya mtama na ufuta yaliyolimwa na watumwa, na waliotoroka walijenga vijiji vyao nyuma ya pwani, kama vile Makongeni na Fuladoyo. Mwaka 1875 wamisheni walianzisha makazi ya walioachwa huru huko Frere Town, ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa. Wapanda matatu wanaoshuka Kengeleni kila asubuhi wanashuka palipokuwa na kengele ya makazi hayo. Hadhi ya utumwa katika sheria za pwani ya Kenya ilifutwa mwaka 1907, baada ya Zanzibar iliyotangulia mwaka 1897. Babu ya mtu anayesoma gazeti hili aliweza kabisa kuzaliwa kabla ya tarehe hiyo.

Wiki ya pili msichana mmoja kutoka kaunti ya Kilifi alinifuata baada ya kipindi. Aliongea kwa sauti ya chini ingawa ukumbi ulikuwa mtupu. "Prof, kwetu hilo neno halisemwi ovyo. Kuna nyumba ukilisema mbele yao ni kama umewatukana matusi ya nguoni. Nyanyangu akilisikia kwa redio anazima." Nikamuuliza kama nyanya alikuwa amewahi kumweleza kwa nini. Akatabasamu tu. "Hawezi, Prof. Na mimi siwezi kumuuliza."

Hapo ndipo nilipoelewa ni kwa nini Sankofa inanisumbua miaka yote hii. Tunapozungumzia jamii ambazo hazijasimuliwa, aghalabu tunadhani kazi ni kuwapelekea kamera. Kamera ikifika, tatizo limekwisha. Ila kuna watu ambao kunyamaza kwao hakutokani na kukosa kamera. Lugha yenyewe waliyonayo ya kujisimulia iliwahi kuwa jina la aibu yao. Fasihi yetu imewagusa, sikatai. Adam Shafi alitupa Kasri ya Mwinyi Fuad mwaka 1978, na ni riwaya inayomtazama bwana wa shamba kwa macho ya wanaomtumikia. Lakini baada ya hiyo hesabu vidole vya mkono mmoja, hutavimaliza. Na katika sinema ya Kiswahili, sijui nianzie wapi.

Wacha sasa nimkosoe Gerima, maana uhakiki si utenzi wa kumsifu mtu. Tatizo langu kubwa na Sankofa linahusu lafudhi hasa. Katika shamba lile moja, Shola anaongea Kiingereza cha kutungwa, kilichovunjwa hapa na kuungwa pale. Nunu, aliyeigizwa na Alexandra Duah wa Ghana, anaongea kwa sauti ya Ghana. Shango, aliyeigizwa na mshairi Mutabaruka, ni Jamaika tupu. Filamu haituambii shamba liko wapi, na ukisikiliza hutajua. Wengine husema hilo ni kusudi, kwamba shamba hilo ni mashamba yote ya upande ule wa bahari. Nakubali nusu. Nunu na Shango wanapoongea wana uzito, kwa sababu waigizaji wanatumia lugha yao. Shola anapotusimulia kwa Kiingereza kile cha kubuni, nasikia mwandishi akijaribu. Mwalimu wa lafudhi amempa mhusika wake mkuu lafudhi isiyo ya mtu.

Pia mabwana wa shamba na kasisi wao wamechorwa kwa mkaa mweusi mmoja. Joe anapolia mbele ya picha ya Bikira Maria, tumeshaelewa mara ya kwanza. Mara ya nne tunasukumwa. Tofauti na hapo, mwangalie Noble Ali, msimamizi anayelazimishwa kumpiga viboko mwanamke mjamzito hadi anakufa. Hakuna hotuba. Mkono unainuka, unashuka, na uso wa anayepiga unavunjika. Nunu anakimbilia maiti kumwokoa mtoto aliye tumboni. Mandhari haya hayahitaji manukuu. Darasani hakuna aliyeandika kitu kwa dakika mbili nzima, na mimi sikuwaharakisha.

Teza ya mwaka 2008 ina maradhi kama hayo. Ilipata tuzo Venice mwaka huo na Farasi wa Dhahabu wa FESPACO mwaka uliofuata, na inastahili. Sehemu za kijijini, kando ya Ziwa Tana, daktari Anberber anaporudi kutoka Ujerumani akiwa amevunjika mwili na nafsi, ni za kupumua taratibu na za kweli. Wanafunzi wa Kiethiopia wanapojadili mapinduzi wakiwa Ujerumani, nasikia makala ya gazeti ikisomwa kwa zamu. Gerima akirudi kwenye Kiamhari cha mama na majirani, anasimama. Nimeona hivyo katika kila filamu yake: anapoiamini lugha ya nyumbani huwa mkubwa, anapotaka kuhakikisha tumeelewa huwa mhadhiri. Ugonjwa wa walimu. Naujua kutoka ndani.

Jambo moja la kando. Wasambazaji wakubwa wa Marekani hawakuitaka Sankofa. Gerima na mkewe wakakodi kumbi wenyewe, wakaanzia Washington, watu wakajipanga foleni mji hadi mji. Mkewe, ambaye pia ni mtengenezaji filamu, ni mwenyeji wa Detroit na anaitwa Shirikiana Aina. Ndiyo, Shirikiana, kitenzi chetu hicho, na kauli yake ya kutendana mahali pake. Walikuja kufungua duka la vitabu na filamu karibu na Howard, nalo wakaliita Sankofa. Kiswahili kilikwisha kufika kwa watu wale miaka ya 1960 na 1970 kama lugha ya kurudia asili, wakajipa majina yake. Sidhani wengi wao walijua kwamba huku kwetu lugha hiyohiyo ilikuwa na neno mtwana. Ndiyo kejeli ya mambo haya, na siisemi kwa kuwacheka.

Nina deni la kuungama pia. Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa mwamuzi katika mashindano ya filamu za shule, ngazi ya kanda. Shule moja kutoka sehemu za mto ilileta filamu fupi kuhusu nyanya anayekataa kuhama mafuriko. Nyanya yule aliongea Kiswahili kilichochanganyika na Kipokomo, vitenzi vikienda njia yake. Kwenye karatasi yangu niliandika: "Lugha haijasanifishwa." Nikakata alama nne. Shule ile ikakosa kusonga mbele kwa alama mbili. Mwalimu wao, kijana mpole, alinijia nikiwa nakunywa chai. "Shikamoo, mwalimu. Nakubali uamuzi. Ila yule nyanya hakukosea. Ndivyo anavyoongea." Nikamjibu kwamba mashindano yana kanuni. Akasema asante, akaenda kuwapakia watoto kwenye basi.

Kanuni zilikuwepo, hilo ni kweli. Ninachokumbuka zaidi ni kwamba filamu ile ilikuwa na picha moja ya nyanya akitazama maji, imeachwa bila kukatwa hadi tukaanza kujikunakuna vitini, na mmoja wetu waamuzi akasema watoto hawa hawajui kuhariri. Sikuwa nimeitazama Mirt Sost Shi Amit wakati huo. Ningekuwa nimeitazama, labda ningejua nilikuwa naona nini. Watoto wa darasa la saba walikuwa na lafudhi yao, na mimi nilikuwa nimeshika kalamu nyekundu.

Manukuu yalikusanywa wiki ya tatu. Mengi yalikuwa safi na yamekufa: mtumwa huku, bwana kule, kila mtu shambani akiongea kama msomaji wa taarifa ya habari ya saa moja. Wengine walijaribu Sheng, na mmoja akamfanya Shango aseme mambo ya Eastlands ambayo, nakiri, yalinichekesha na hayakuwa mabaya hata kidogo.

Kazi ya msichana wa Kilifi ilikuwa ya mwisho katika bunda. Alikuwa ameandika ukurasa mzima wa maelezo kabla ya manukuu. Neno mtumwa halikuwemo ila mahali pawili, na kote pawili linatoka kinywani mwa bwana au kasisi. Waliotorokea milimani aliwaita watoro, bila alama za mtajo, bila kuomba radhi. Joe alikuwa mnyapara. Nunu hakuitwa chochote na mtu yeyote ila Nunu na mama. Na maneno ya Nunu aliyaandika kwa Kiswahili cha nyanya yake, kwa mpangilio wa sentensi wa Kigiriama na kwa maneno mawili matatu ambayo sikuyajua, ikanibidi nimpigie simu mwenzangu wa Malindi. Bwana wa shamba ndiye aliyeongea Kiswahili sanifu, chenye upatanisho usio na doa. Katika maelezo yake alitoa sababu: sanifu ilijengwa juu ya Kiunguja, na Unguja ndiko kulikokuwa na soko.

Nimempa 17 kwa 20. Alama moja nimeikata kwa sababu mistari yake ni mirefu. Mtazamaji hawezi kuimaliza kabla picha haijabadilika, na manukuu yasiyosomeka hayamsaidii Nunu. Mbili nimezikata kwa hoja ya Kiunguja. Kiunguja cha mjini hakikuwa mali ya bwana peke yake. Kilisemwa na wapagazi, na vijakazi wa jikoni, na wajinga waliojifunza upesi ili waache kuitwa hivyo, na hao ndio waliokibeba hadi Tabora na Ujiji. Kumpa bwana lugha yote hiyo ni kumzawadia kitu ambacho waliomtumikia walikuwa na mkono mkubwa katika kukijenga.

Amesoma maoni yangu na hakubaliani nayo. Ameomba miadi Alhamisi saa nne, na amesema atakuja na rekodi ya sauti ya nyanya.